Kirukanjia si panya: maisha ya mwindaji asiyestahimili njaa

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Kila msimu wa mavuno, mitego na sumu zinapotandazwa maghalani na pembezoni mwa mashamba, hufa pia mnyama ambaye hajawahi kuiba hata punje moja ya mahindi. Watu humwona ni mdogo, ana manyoya na ana mkia, basi humhesabu kuwa panya. Ninamzungumzia kirukanjia. Mimi ni mkulima wa mboga katika miteremko ya Uluguru, na kwa muda mrefu nimekuwa nikimchunguza mnyama huyu shambani na kusoma kila ninachokipata kumhusu. Hoja yangu katika uzi huu ni moja: ukishaelewa jinsi mwili wake mdogo unavyopoteza joto, utaelewa karibu kila jambo analolifanya, kuanzia ulaji wake, makazi yake na malezi ya watoto wake, hadi sababu ya kumkuta amekufa njiani.

Kwanza tumtambue. Panya ana meno marefu ya mbele, kisha pengo tupu, ndipo magego yanaanza. Kirukanjia hana pengo hilo, bali meno yake yenye ncha yamefuatana toka mbele hadi nyuma, na yale ya mbele kabisa ya juu yamepinda kuelekea chini ili kumkamata mdudu asichomoke. Mguu wa mbele wa panya una vidole vinne vinavyoonekana vizuri, wa kirukanjia una vitano. Macho yake ni madogo mno, pua ni ndefu na imechongoka, na kwenye mkia wa virukanjia wetu wengi utaona nywele ndefu chache zilizosimama mbali mbali juu ya manyoya mafupi. Wataalamu wamemweka katika familia iitwayo Soricidae, ambayo ni ndugu wa kalunguyeye na wa fuko wa Ulaya na Asia. (Fuko wetu wa hapa nyumbani ni mwingine kabisa, huyo kweli yumo katika ukoo wa panya.) Familia hii ina spishi zaidi ya 400 duniani, na jenasi moja tu, Crocidura, ambayo ndiyo ya virukanjia wengi tunaowaona Afrika, ina spishi zaidi ya 200. Hakuna jenasi nyingine ya mamalia yenye spishi nyingi kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye joto. Mwili unapokuwa mdogo, ngozi inayopoteza joto huwa kubwa ukiilinganisha na nyama inayolitengeneza joto hilo. Tembo hana shida hiyo. Kirukanjia anayo tangu anapozaliwa hadi anapokufa. Yupo mmoja anayeishi kuanzia nchi za Bahari ya Mediterania hadi Asia, aitwaye Suncus etruscus, ambaye akikomaa huwa na uzito wa gramu 2 hivi, na hakuna mamalia mwepesi kuliko yeye. Moyo wake umepimwa ukipiga hadi mapigo 1,500 kwa dakika. Kirukanjia wa kawaida wa Ulaya, Sorex araneus, hula kila siku chakula chenye uzito unaokaribia uzito wa mwili wake mwenyewe, na saa chache tu bila chakula zinatosha kumuua. Kwa sababu hiyo hawezi kulala usiku kucha, wala hawezi kulala mchana kutwa. Huwinda kidogo, hulala kidogo, huamka akawinda tena, na mzunguko huo haukatiki mchana wala usiku, ingawa wengi huonekana zaidi giza linapoingia.

Virukanjia wa kundi la Crocidura, ambao asili yao ni nchi za joto, wamepata nafuu kidogo. Joto la miili yao liko chini kuliko la ndugu zao wa nchi za baridi, na chakula kikiwa haba wana uwezo wa kuuacha mwili upoe na kuingia katika usingizi mzito kwa saa kadhaa, ambapo moyo na pumzi hupungua sana, kisha hujipasha joto upya na kuamka. Sorex hafanyi hivyo. Yeye ameshika njia ya kuwaka daima, na gharama yake ni kula daima. Ninaliona jambo hili kuwa la ajabu: wanyama wawili wanaofanana hivi kwa umbo, mmoja amejifunza kuweka akiba na mwingine hana namna isipokuwa kutafuta.

Uwindaji wenyewe hautegemei macho. Maabara moja ya Berlin ilionyesha kwamba yule wa gramu 2 huwakamata nyenje gizani kwa kuwagusa na masharubu, na masharubu yakiondolewa hushindwa kuwalenga. Baadhi ya virukanjia wa Ulaya hutoa pia milio myembamba sana ambayo sikio la mtu haliisikii vizuri, na inaelekea huitumia kutambua kama njia iliyo mbele yao ni wazi au imezibwa.

Nimewatazama wa kwangu kwa tochi niliyoifunika kwa karatasi nyekundu, kando ya lundo la mabua. Pua haitulii hata kwa nukta moja. Inapinda kulia, inapinda kushoto, inainuka, na masharubu yanapapasa kila jani. Alipomgusa panzi hakusita kabisa, alimrukia na kuuma shingoni, akamgeuza, akauma tena mpaka miguu ya panzi ikaacha kurusha teke. Kisha alianza kula kutokea kichwani, akitafuna kwa sauti niliyoweza kuisikia nikiwa nimechuchumaa hatua mbili tu kutoka kwake, na alipomaliza aliacha mabawa na ile miguu mirefu ya nyuma. Akapangusa pua kwa mikono yake yote miwili, akaingia chini ya mabua. Kabla sijanyanyuka alikuwa ameshatoka tena.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Kaka_Mkubwa_Dodoma

Mleta uzi, ahsante kwa somo. Paka wetu huwaua hawa mara kwa mara, lakini hawali. Huwaacha mlangoni au njiani. Mzee wetu alikuwa akituambia kwamba kirukanjia hawezi kuvuka njia ya watu akabaki hai, na kwamba ndiyo maana huonekana wamekufa hapo hapo. Je, kuna ukweli wowote?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Kaka Mkubwa, swali lako ni zuri, na wewe mwenyewe umeshaleta nusu ya jibu.

Ubavuni mwa kirukanjia kuna tezi zinazotoa mafuta yenye harufu kali, hasa kwa madume wakati wa kupandana. Huyapaka mafuta hayo kwenye njia zake za chini ya nyasi ili wenzake wajue kwamba eneo lina mwenyewe, maana wengi wao huishi peke yao na hawapendi mgeni katika eneo la mawindo. Ukikutanisha wawili utasikia makelele makali kuliko ukubwa wao. Paka huvutiwa na kitu kinachokimbia, kwa hiyo humkamata na kumuua, lakini akishamtia mdomoni ile harufu na ladha humfanya amtupe. Mbwa na wanyama wengine wawindaji mara nyingi hufanya vivyo hivyo. Mzoga huachwa pale ulipoangukia, na ukiangukia njiani kila mpita njia atauona. Ukiangukia kwenye majani, siafu watakuwa wameumaliza kabla ya jua kupanda.

Sababu ya pili ni kwamba maisha yake ni mafupi. Porini wengi hawafiki mwaka mmoja na nusu. Meno yake hayaendelei kukua kama ya panya. Yale ya utotoni hung'oka kabla hata hajazaliwa, kwa hiyo hayo anayoyaota ndiyo atakayoyatumia hadi mwisho, na kutafuna magamba ya wadudu kutwa kucha huyasaga yakawa butu. Kirukanjia aliyezeeka, mwenye meno yaliyokwisha, hufa kwa njaa hata kama wadudu wapo, na anaweza kufia mahali popote, pamoja na njiani. Njia yenyewe haina kosa lolote.

Yupo mwindaji asiyejali harufu hiyo hata kidogo, naye ni bundi. Bundi humeza kirukanjia mzima, kisha hutapika matonge ya manyoya na mifupa chini ya mti au chini ya paa anapolala. Mwenye hamu ya kujua ni virukanjia gani wanaishi karibu naye anaweza kuanzia hapo: loweka tonge moja kwenye maji ya uvuguvugu, litenganishe taratibu kwa vijiti viwili, na utaona mafuvu membamba yenye meno yaliyofuatana bila pengo, yamechanganyika na mafuvu ya panya yenye meno marefu ya rangi ya manjano. Ni kazi ya subira, lakini utajifunza mengi kuliko kwa kutazama picha.

Mama_Shamba

Habari za humu. Mimi niliwahi kufukua lundo la mbolea nikaona kitu kirefu chenye manyoya kinatambaa kama nyoka mdogo. Nilirudi nyuma kwa woga. Kilipopita karibu niligundua kwamba ni wanyama kadhaa walioshikana. Nikiwaeleza watu hawaniamini. Je, ndio hawa?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Mama Shamba, ndio hao hasa, na umeona jambo ambalo watu wengi wanaokaa shambani maisha yao yote hawalioni.

Mama wa kirukanjia hubeba mimba kwa muda wa wiki nne hivi, kisha huzaa watoto wachache, mara nyingi kati ya wawili na sita, ndani ya kiota cha nyasi kavu kilicho chini ya gogo, jiwe au lundo kama hilo lako. Huzaliwa uchi, hawaoni, na hawawezi kujitunzia joto. Mama hana budi kuwafunika kwa mwili wake, lakini pia hana budi kutoka kwenda kuwinda, kwa sababu sasa anakula kwa ajili ya maziwa pamoja na joto lake mwenyewe. Kwa hiyo kiota kinapoharibiwa, kwa mfano na jembe la Mama Shamba, hawezi kupoteza muda wa kuwabeba mmoja mmoja huku wengine wakipoa. Watoto wakishafikisha umri wa wiki moja hivi, mmoja humuuma mama manyoya ya karibu na shina la mkia, wa pili humuuma wa kwanza, wa tatu humuuma wa pili, na msafara wote huondoka pamoja, miguu yao ikifuatana kana kwamba ni mwili mmoja. Wanaowafuga kwa uchunguzi wameona kwamba ukimwinua mama juu, watoto wote huinuka naye bila kuachia. Baada ya siku chache macho yakishafumbuka na miguu ikipata nguvu, tabia hiyo hutoweka, na wakifikisha wiki tatu hivi huwa wameacha kunyonya na kila mmoja anatafuta eneo lake.

Tabia ya msafara inajulikana zaidi kwa kundi hili la virukanjia wenye meno meupe, wakiwemo wetu. Wale wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa kundi la Sorex wana meno yenye ncha nyekundu, na wekundu huo unatokana na madini ya chuma yaliyomo kwenye gamba la jino, yanayolifanya lisiishe upesi.

Bi_Shangani

Assalaamu alaykum. Huku kwetu Unguja yupo mkubwa, wa kijivu, anaingia majumbani usiku na kupita kandokando ya ukuta, na analia mlio kama sarafu zinazogongana. Harufu yake ikishaingia jikoni haitoki. Huyo naye ni kirukanjia wa porini?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Wa alaykumu salaam, Bi Shangani. Maelezo yako yanalingana na Suncus murinus, kirukanjia wa majumbani ambaye asili yake ni Asia ya Kusini. Alisafiri na vyombo vya baharini pamoja na shehena, akaingia kwenye visiwa na bandari za Bahari ya Hindi, kuanzia nchi za Kiarabu hadi pwani yetu na Madagaska. Ni mkubwa kwa kipimo cha virukanjia, dume akiweza kukaribia gramu 100, na mlio huo wa sarafu unajulikana hata huko Asia. Hupita kandokando ya ukuta kwa sababu anaongozwa na masharubu. Ukuta humpa mstari wa kuufuata. Anachokitafuta jikoni kwako ni mende zaidi ya kitu kingine, ingawa hataacha nyama au samaki aliyeachwa wazi.

Nitakuwa mkweli katika upande wa pili pia. Mnyama huyu hubeba viroboto, na huko Madagaska amehusishwa na mzunguko wa ugonjwa wa tauni, kwa hiyo si wa kumshika kwa mkono mtupu wala wa kuachiwa alale kwenye vyombo vya chakula. Ziba mianya ya chini ya milango, funika chakula, na punguza mende. Akikosa mawindo ataondoka mwenyewe. Yeye ni mgeni aliyeletwa na watu, na hali yake haifanani na ya wale wa misituni ambao nitawaeleza hapo chini.

Mwana_Tshopo

Mimi niko Kisangani. Wazee wa kaskazini-mashariki mwa Kongo wanasema kuna mmoja ambaye mtu mzima anaweza kusimama juu ya mgongo wake na asife. Naomba mleta uzi atueleze kama ni hadithi tu.

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Ndugu Mwana Tshopo, si hadithi. Huyo ni Scutisorex somereni, na anapatikana kwenye misitu ya Kongo, Uganda na Rwanda.

Herbert Lang na James Chapin, waliofanya kazi kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915 kwa niaba ya Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la New York, walionyeshwa jambo hilo na Wamangbetu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo zaidi ya 70 alisimama peku juu ya kirukanjia huyo, akijisawazisha kwa mguu mmoja kwa dakika kadhaa huku akipaza sauti, na alipoteremka mnyama alijikung'uta kidogo akaenda zake. Wamangbetu walimthamini sana, wakaamini kwamba anayechukua sehemu ya mwili wake vitani hatadhurika. Maelezo hayo yalichapishwa 1917, na mifupa ilipochunguzwa sababu ikaonekana: pingili za uti wa mgongo wa sehemu ya kiunoni ni nyingi kupita kawaida, nene, na zina vijino vingi vya mfupa vinavyoingiliana pande zote, hivi kwamba mgongo hauwezi kukunjika ovyo wala kusagika. Hakuna mamalia mwingine nje ya jenasi hiyo anayejulikana kuwa na mgongo wa namna hii.

Anautumia kwa kazi gani? Mwaka 2013 wataalamu walieleza spishi ya pili, Scutisorex thori, kutoka upande wa Tshuapa huko huko Kongo, ambayo mgongo wake uko katikati kati ya ule wa kawaida na ule wa somereni. Waandishi wa utafiti huo walipendekeza kwamba wanyama hawa hujipenyeza kati ya shina la mchikichi na sehemu ya chini ya makuti, kisha hukunja na kunyoosha mgongo ili kupanua mwanya na kuwafikia mabuu waliojificha humo. Mimi naliona pendekezo hilo kuwa la maana, kwa sababu linarudi kwenye njaa: mwenye mgongo wa kubanua magome anafikia chakula ambacho wengine hawakifikii. Ila wenye misitu hiyo ni ninyi, na mtu wa Tshopo akimwona kwa macho yake akifanya hivyo, atakuwa ametoa mchango mkubwa kwa sayansi.

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Naomba sasa nieleze jambo lililonifanya nianzishe uzi, nalo ni virukanjia wa milimani.

Misitu ya Tao la Mashariki, yaani milima kama Pare, Usambara, Uluguru na Udzungwa, imezungukwa na nyika kavu. Mnyama wa gramu 10 anayehitaji kula kila baada ya saa chache, tena anayetaka majani mabichi yaliyooza na udongo wenye unyevu uliojaa nyungunyungu, tandu na mabuu, hawezi kuvuka nyika hiyo kwenda mlima wa pili. Kwa hiyo kila mlima umebaki na wake. Uluguru tunaye Myosorex geata, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Kilimanjaro kuna Myosorex zinki, anayeishi kuanzia msituni hadi kwenye manyasi ya juu kabisa, huko ambako usiku maji huganda. Udzungwa kuna Myosorex kihaulei, aliyeelezwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mtanzania, Philip Kihaule. Mwaka 2005 ikaelezwa spishi nyingine ya Udzungwa, Congosorex phillipsorum, ambaye ndugu zake wa jenasi hiyo wanajulikana tu kutoka bonde la Kongo, upande wa pili wa bara. Ushahidi wa namna hii ndio unaowafanya wataalamu waseme kwamba zamani sana misitu ya Kongo na ya kwetu iliwahi kukaribiana au kuungana, kisha ukame ukaitenganisha. Kirukanjia alibaki juu, kwenye ubaridi na unyevu, kila kundi likienda njia yake.

Wakenya nao wana wa kwao wa pekee, jenasi ya Surdisorex, yenye spishi tatu tu: mmoja wa Aberdare, mmoja wa Mlima Kenya na mmoja wa Mlima Elgon, huyu wa mwisho akiwa ameelezwa mwaka 2009. Hao wana kucha ndefu za kuchimbia, na macho na masikio yaliyofichika ndani ya manyoya.

Mengi tunayoyajua kuhusu wa Tanzania yametokana na kazi ya William Stanley wa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, aliyezunguka milima hii kwa zaidi ya miaka ishirini pamoja na wenzake Watanzania, na aliyefariki mwaka 2015 akiwa kazini Ethiopia. Mbinu yao ilikuwa rahisi, na inafaa kila shule iliyo karibu na msitu iijue. Mtego wa kawaida wa panya haumfai kirukanjia, kwa sababu ni mwepesi mno na hana hamu na chambo cha nafaka. Walichimba mashimo katika mstari, kwa kawaida 11, kila moja likiwa mita 5 kutoka jingine, wakafukia ndoo hadi ukingo ukawa sawa na ardhi, wakatoboa matundu chini ya ndoo ili maji ya mvua yatoke, kisha wakasimamisha karatasi ya nailoni kama ukuta mfupi unaopita juu ya ndoo zote. Kirukanjia akikutana na ukuta huo gizani hafikirii kuuruka; huufuata kwa masharubu, na mwisho hutumbukia. Ndoo hukaguliwa asubuhi na mapema na tena mchana. Kwa kazi hiyo, mwaka huo huo wa 2015 zilielezwa spishi tatu mpya za Crocidura za Tanzania kwa mpigo, mojawapo ikiitwa mdumai kwa heshima ya Dkt. Simon Mduma, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na nyingine munissii kwa heshima ya Maiko Munissi, aliyekuwa mmoja wa wenzake Stanley katika safari hizo.

Fikirini jambo hilo kidogo. Hatuzungumzii misitu isiyofikika. Tunazungumzia milima ambayo watu wanaiona wakiwa barabarani, na ndani yake kulikuwa na mamalia ambao hawakuwa na jina mpaka miaka ya hivi karibuni. Na mnyama ambaye dunia yake yote ni mlima mmoja hana pa kukimbilia msitu wa mlima huo ukichomwa moto ili kupanua shamba la njegere. Ninasema hivi nikiwa mimi mwenyewe ninaishi kwa kulima huko huko, na ninajua shida ya ardhi ilivyo.

Kaka_Mkubwa_Dodoma

Na yule mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu mirefu, anayekimbia mchana msituni, ni kirukanjia mkubwa?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Huyo ni sange, na pua isikudanganye. Yeye hana undugu wa karibu na kirukanjia. Ukoo wake ni wa Afrika, na ndugu zake ni tembo, pimbi, nguva na muhanga. Aliye mkubwa kuliko wote, mwenye uzito wa gramu 700 hivi, aligunduliwa Udzungwa na kuelezwa 2008, na yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu anapatikana msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya na maeneo machache ya karibu. Sange anastahili uzi wake mwenyewe.

Mdau_Ughaibuni

Niko Ujerumani. Nimesikia kwamba wa huku hupungua ubongo wakati wa baridi kali. Je, ni kweli, au ni habari za kupotosha?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Ni kweli. August Dehnel, mtaalamu wa wanyama wa Poland, ndiye aliyeeleza jambo hilo mwaka 1949, na limethibitishwa baadaye kwa kumpima kirukanjia yule yule katika majira tofauti. Sorex araneus hazaliwi na kufa katika mwaka mmoja. Huzaliwa kiangazi, huvuka baridi moja, huzaa majira yanayofuata, kisha hufa. Kabla ya baridi fuvu lake hupungua kwa karibu asilimia 15, na ubongo, uti wa mgongo na baadhi ya viungo vya ndani hupungua pia. Majira ya kuchipua yakifika hukua tena, ingawa hafikii kikamilifu kipimo chake cha mwanzo. Kumbuka nilisema hana usingizi wa kuokoa chakula. Hawezi kuhama, hawezi kulala hadi baridi ipite, na ardhi imejaa barafu. Ubongo ni kiungo chenye gharama kubwa kukilisha, kwa hiyo mwili huupunguza. Kwangu mimi hakuna mfano mzito zaidi ya huu wa jinsi njaa inavyomtawala mnyama huyu.

Mama_Shamba

Ndugu mleta uzi, swali langu la mwisho. Tunachimba mashimo ya nguzo za uzio na asubuhi tunawakuta humo, wengine wamekufa. Tena watoto wanataka kuwashika. Wanauma? Tufanyeje?

Mlima_Mgeta (mleta uzi)

Mama Shamba, anauma, na ana haki ya kuuma, lakini meno yake ni madogo. Wapo wachache wenye sumu kwenye mate, kama Blarina wa Amerika Kaskazini, ambaye hutumia sumu hiyo kuwapoozesha konokono na wadudu na kuwahifadhi wakiwa hai kwa chakula cha baadaye. Mtu akiumwa naye hupata maumivu na uvimbe. Hata hivyo, kwa sababu ya viroboto na magonjwa, watoto wasiwashike kwa mikono mitupu, iwe ni huyu au mwingine yeyote wa porini.

Kuhusu mashimo, yafunikeni kwa ubao jioni, au mtie ndani fimbo yenye magamba iliyolala kwa mshazari ili aliyetumbukia apande nayo. Mabua na majani makavu msiyachome yote. Acheni lundo moja kwenye mpaka wa shamba, kwa kuwa humo ndimo anamolala na kuzalia, na kutoka humo ndipo anapokuja usiku kula mabuu na panzi wa shamba lenu. Ukipulizia sumu ya wadudu karibu na lundo hilo unamnyima chakula na kumlisha wadudu wenye sumu kwa wakati mmoja.

Mkimkuta shimoni akiwa hai, mtoeni kwa kopo saa hiyo hiyo, mkamwache kwenye nyasi zenye kivuli karibu na pale pale mlipomkuta. Watoto wamtazame akiwa anaondoka. Akitiwa kwenye chupa ili aonyeshwe jirani mchana, hata chupa ikiwa na matundu ya hewa, atakuwa amekufa kwa njaa kabla jirani hajafika.